Kutoka East Boston Hadi Arlington: Siku Nane Nikilifuata Jina la Kennedy

Kaka yangu mkubwa anaitwa Kennedy. Alizaliwa Voi mwaka 1961, miezi michache baada ya kufika barua ya baba yetu mdogo, ambaye mwaka uliotangulia alikwenda Marekani kusoma kwa mojawapo ya ndege zilizowachukua vijana wa Afrika Mashariki kwa msaada wa John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo. Baba aliisoma barua ile kwa sauti kila mgeni alipoingia nyumbani, na mtoto alipozaliwa hakutafuta jina mbali. Shuleni kaka aliwakuta Kennedy wengine wawili. Kwa Waayalandi jina hilo ni la ukoo, hurithiwa kutoka kwa baba. Kwetu limekuwa jina la ubatizo, na wanaoitwa hivyo huku ni wengi mno.

Nilipopata nafasi ya kusafiri, kaka aliniomba jambo moja. "Mdogo wangu," aliniambia, "kaburi la rais lenye moto tumeliona magazetini tangu utotoni. Uniangalizie mahali jina lilipoingilia." Haya ninayoyaandika nimeyapanga baada ya kurudi, kutokana na daftari dogo nililokuwa nikiandika kila usiku na picha za simu.

Kwa anayetaka kwenda: ada ya viza ya matembezi niliyolipa ni dola 185, na hairudishwi hata ukinyimwa. Omba miadi ya mahojiano miezi mingi kabla, na usinunue tiketi ya ndege kabla pasipoti haijarudi mikononi mwako.

Siku ya 1, Alhamisi: Boston

Safari ya angani kutoka Nairobi ilikwisha jioni, nami sikumbuki jambo lake la kusimulia. Kutoka uwanja wa ndege wa Logan kuna basi la Silver Line linalokupeleka hadi kituo cha South Station bila nauli, na kutoka hapo unaweza kuingia treni ya Red Line bila kulipa tena. Wageni wengi hawalijui jambo hili, hupanda teksi na kulipa makumi ya dola. Nilikodi chumba Dorchester kwa dola 110 kwa usiku, choo cha pamoja. Ghali, lakini Boston ni mji wa gharama, na sikupata cha chini ya hapo kilicho karibu na treni.

Siku ya 2, Ijumaa: East Boston

Nauli ya treni ya chini ya ardhi ni dola 2.40. Nilishuka kituo cha Maverick, ng'ambo ya bandari, huku manyunyu yakianguka. Hapa ndipo alipofikia Patrick Kennedy, mwana wa mkulima kutoka Dunganstown, karibu na mji wa New Ross katika jimbo la Wexford. Aliondoka Ayalandi katika miaka ya njaa kuu, wakati ugonjwa wa viazi ulipoozesha mashamba kuanzia 1845, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine kama hao wakahama. Patrick alikuwa fundi wa mapipa. Mwaka 1849 alimwoa Bridget Murphy, msichana wa Wexford vilevile, na tarehe 22 Novemba 1858 akafa kwa kipindupindu, akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Miaka 105 baadaye, tarehe iyo hiyo, kitukuu chake, Rais John F. Kennedy, aliuawa Dallas.

Nilitembea Meridian Street, duka hadi duka, nikimfikiria Bridget zaidi ya mumewe. Alibaki na mabinti watatu na mtoto wa kiume wa miezi kumi. Mwana mwingine alikwisha kumzika. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limetoka tu kutawaliwa na chama cha Know Nothing, kilichoshinda uchaguzi wa 1854 kwa kuwachukia wahamiaji Wakatoliki. Katika hali hiyo mjane huyu alifanya kazi za kuajiriwa, akajiwekea akiba, akanunua duka dogo la bidhaa za nyumbani. Mwanawe, Patrick Joseph, ambaye watu walimwita P. J., alianza kwa kupakua mizigo gatini, akafungua baa, na katikati ya miaka ya 1880 akaingia katika bunge la jimbo. Baadaye alishiriki kuanzisha benki ya Columbia Trust papa hapa. Bridget alifariki mwaka 1888, mwaka uleule aliozaliwa mjukuu wake Joseph, atakayekuja kuwa tajiri na baba wa rais. Vitabu vingi humpitia mama huyu katika aya moja. Mimi naona kwamba jina la Kennedy lisingefika popote Marekani kama Murphy huyu asingeuza nyuzi na karatasi dukani.

East Boston ya leo imejaa wahamiaji kutoka El Salvador, Kolombia na nchi jirani zake. Mvua ilipozidi niliingia mkahawa mdogo nikala pupusa mbili, mikate ya unga wa mahindi iliyojazwa maharage na jibini, kwa dola 9 pamoja na chai. Mama mwenye mkahawa aliuliza ninatafuta nini katika mvua ile. Nilipomweleza, alimwita bintiye atafsiri, kisha akanipa mwavuli wake na kuniambia niurudishe nitakapomaliza. Nilipanda nao hadi Webster Street, mtaa wa mlimani ambako P. J. alihamia mambo yake yaliponyooka, na nikaziona Golden Stairs, ngazi walizozipanda wahamiaji kutoka gatini. Kutoka juu pale unaiona Boston yote ng'ambo ya maji. Niliporudisha mwavuli, yule mama alikataa dola tano nilizompa, akanifungia pupusa ya njiani.

Siku ya 3, Jumamosi: Brookline na Cambridge

Nyumba namba 83, Beals Street, ndipo alipozaliwa John F. Kennedy tarehe 29 Mei 1917. Panda Green Line ya tawi la C, ushuke Coolidge Corner, utembee dakika chache. Kuingia ni bure, lakini hufunguliwa kwa msimu tu, hivyo hakikisha siku kabla ya kwenda. Mamake rais, Rose, aliinunua tena mwaka 1966, akaipanga kama alivyoikumbuka, kisha akaikabidhi kwa taifa. Sauti yake iliyorekodiwa husikika chumba hadi chumba akisimulia watoto walivyokuwa wakila na kusali.

Ni nyumba ya kawaida kuliko nilivyotazamia: vyumba vidogo, ngazi nyembamba. Mwongozaji alitueleza jinsi Rose alivyokuwa na kadi kwa kila mtoto, akiandika uzito, chanjo na magonjwa. Katika chumba cha kulala alitaja watatu waliozaliwa ndani ya kuta zile, yaani John, Rosemary na Kathleen. Nilimwuliza habari za Rosemary. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu bila kuficha kitu. Rosemary alikuwa mzito wa kujifunza, na mwaka 1941, akiwa na miaka 23, baba yake aliruhusu apasuliwe ubongo. Hakuweza tena kujitegemea, akaishi katika nyumba ya malezi hadi uzee. Mdogo wake Eunice ndiye aliyeanzisha Special Olympics mwaka 1968, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ambayo Kenya na Tanzania hushiriki hadi leo. Eunice hakupigiwa kura hata siku moja, lakini nikiulizwa ni nani katika ukoo huu aliyegusa maisha ya watu wengi zaidi duniani, nitamtaja yeye kwanza.

Mchana nilivuka kwenda Cambridge, kwenye chuo kikuu cha Harvard. Barabara inayotoka uwanjani hadi mtoni inaitwa John F. Kennedy Street, na pembeni yake kuna Kennedy School, wanakosomea watumishi wa serikali kutoka kila bara. Lakini jina halikukaa katika ukoo mmoja. Katika kitivo cha sheria cha chuo hicho anafundisha Profesa Randall Kennedy, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa South Carolina mwaka 1954, ambaye kabla ya kuwa mwalimu alikuwa karani wa Jaji Thurgood Marshall. Msomaji wa Kenya atamkumbuka Marshall: mwaka 1960 alikaa na wajumbe wetu katika mazungumzo ya Lancaster House, London, akasaidia kuandika mapendekezo ya haki za raia.

Kuna pia Florynce Kennedy, mzaliwa wa Kansas City mwaka 1916. Kitivo cha sheria cha Columbia kilimkataa mwanzoni. Alipotishia kukishtaki kwa ubaguzi, kikampokea, naye akahitimu mwaka 1951 na kuwa mtetezi mkali wa wanawake na wa Weusi. Hawa wawili hawana undugu na Kennedy wa Beals Street, ila wamelibeba jina hilohilo mahakamani, darasani na barabarani.

Siku ya 4, Jumapili: Lowell

Mwishoni mwa wiki treni za vitongojini huuza tiketi ya dola 10 inayokuruhusu kusafiri upendavyo Jumamosi na Jumapili. Niliitumia kwenda Lowell, mji wa viwanda vya zamani vya nguo ambako Wakenya wengi wamehamia. Rafiki wa dada yangu alinialika chakula: ugali, sukuma wiki, kuku wa kuchoma, na chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani. Baada ya siku nne za mikate sikuona haya kuongeza sahani.

Mezani nilisimulia ombi la kaka. Binti wa mwenyeji wangu, mwenye miaka kumi na miwili, alisema darasani mwao kuna Kennedy wawili, wote wasichana. Sikuwa nimejua kwamba Marekani nako jina hili limegeuka la kwanza, tena la kike. Nilimpigia kaka simu papo hapo. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akamwomba mtoto awasalimie wasomo zake.

Siku ya 5, Jumatatu: Columbia Point

Maktaba na makumbusho ya Rais Kennedy ziko kwenye rasi ya Columbia Point. Shuka kituo cha JFK/UMass. Basi dogo la bure hukuchukua hadi mlangoni. Jengo lilichorwa na I. M. Pei, likazinduliwa na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1979. Tenga nusu siku. Ndani kuna hotuba za kampeni, mijadala ya televisheni na Richard Nixon, mpinzani wake katika uchaguzi wa 1960, zawadi za marais wageni, na mwishoni ukumbi wa vioo wenye bendera moja kubwa ikitazama bahari, ambapo watu hukaa kimya bila kuambiwa.

Kwetu sisi cha kutafuta ni mambo ya Afrika. Mtumishi mmoja alipojua nimetoka Kenya aliacha kazi yake, akanionyesha kwenye kompyuta jinsi ya kuzipata picha za mkusanyiko wa kidijitali, ambazo hata ukiwa Nairobi au Dodoma unaweza kuzifungua bila malipo. Tulitazama picha za ziara ya Mwalimu Julius Nyerere Ikulu ya Marekani mwezi Julai 1963. Tanganyika ilikuwa pamoja na Ghana miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps mwaka 1961, na mkurugenzi wao wa kwanza alikuwa Sargent Shriver, mume wa Eunice. Miezi minne baada ya picha zile, mmoja wa wale wawili waliokaa kwenye viti vilivyosogeleana alikuwa amezikwa.

Jirani na maktaba kuna taasisi ya Edward M. Kennedy, yenye mfano kamili wa ukumbi wa Seneti. Edward, mdogo wa rais, alikaa katika Seneti tangu 1962 hadi alipofariki 2009, karibu miaka 47. Muda haukunitosha kuingia, nami najuta, kwa sababu sheria nyingi za afya, uhamiaji na haki za raia zilipita mikononi mwake kuliko kwa nduguze wote.

Siku ya 6, Jumanne: Hyannis

Hyannis iko kilomita 110 hivi kutoka Boston, kwenye rasi ya Cape Cod. Nauli ya basi kwenda na kurudi ilinigharimu dola 40 na ushei. Ratiba ilisema saa moja na nusu. Tulitumia saa mbili na dakika arubaini, kwa kuwa magari yote ya kuingia Cape Cod hupitia madaraja mawili tu, na kwenye daraja la Sagamore foleni haikusogea. Mzee aliyeketi kando yangu, mvuvi mstaafu, alinigawia tufaha na karanga, akanielekeza nisipoteze mchana nikienda kwa miguu kuzitafuta nyumba za Kennedy huko Hyannis Port. Ni mali ya watu binafsi, barabara inalindwa, na wakaazi wamechoshwa na wageni. Ukitaka kuziona, panda mashua ya watalii kwenye gati la Ocean Street. Nililipa dola 30 na ushei kwa saa moja.

Kutoka majini zinaonekana nyumba nyeupe za mbao, kubwa ikiwa ile Joseph aliyoinunua mwaka 1928. Mwongozaji alieleza habari za mashua na za harusi. Mimi nilikuwa nikingojea habari nyingine, nayo hakuitaja, kwa hiyo naiandika hapa.

Tarehe 26 Julai 1960, majuma mawili baada ya chama chake kumteua kugombea urais, Seneta John Kennedy alimpokea Tom Mboya katika nyumba hizi. Mwaka uliotangulia Mboya na marafiki zake wa Marekani, wakiwemo mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walikuwa wamechangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Safari hii vyuo vilikuwa vimetoa nafasi kwa wengi zaidi, lakini ndege hazikuwa na mlipaji, na Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imekataa. Kennedy, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti ya masuala ya Afrika, aliahidi msaada kutoka wakfu wa familia yake uliopewa jina la Joseph Mdogo, kaka yake aliyefia vitani 1944. Jumla ilifika dola 100,000. Upande wa Nixon nao ukaisukuma wizara ibadili msimamo, na Seneta Hugh Scott akalalamika hadharani kwamba wakfu ule umeipiku serikali kwa sababu za uchaguzi. Huenda hesabu ya kura za Wamarekani Weusi ilikuwemo. Sioni haja ya kuificha. Ndege ziliondoka Septemba. Katika mmoja wa misafara hiyo alikuwemo Wangari Maathai, akielekea Atchison, Kansas. Katika mwingine alikuwemo baba yetu mdogo, na sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani.

Mashua ilipogeuka nilipiga picha saba za nyumba zile. Kisha nikala bakuli la supu nzito ya kombe, viazi na maziwa kwa dola 11, nikakaa kwenye ukumbusho wa rais ulioko ufukweni, wenye chemchemi inayotazama ghuba, mpaka saa ya basi.

Siku ya 7, Jumatano: njiani kwenda Washington

Treni kutoka South Station huchukua saa nane hivi. Tiketi niliyonunua majuma matatu kabla ilikuwa dola 79, na ukingoja hadi siku ya safari inaweza kupita maradufu. Tulikwama Connecticut zaidi ya saa moja kwa hitilafu ya ishara za reli. Keti upande wa kushoto ukielekea kusini, uone bahari.

Siku ya 8, Alhamisi: Washington na Arlington

Asubuhi nilipita Capitol Hill. Wageni hudhani kila Kennedy wa hapa ni wa Boston, kumbe sivyo. Katika Mahakama ya Juu, Jaji Anthony Kennedy, mzaliwa wa Sacramento aliyeteuliwa na Rais Reagan, alikaa tangu 1988 hadi 2018, na kwa miaka mingi kura yake ndiyo iliyoamua kesi zilizowagawa majaji. Katika Seneti yuko John Kennedy wa Louisiana, aliyeingia 2017 kwa chama cha Republican. Nao wa ukoo wa Boston hawakwisha: Kathleen, binti wa Robert, mdogo wa rais, alikuwa naibu gavana wa Maryland; Caroline, binti wa rais, alikuwa balozi Japani kisha Australia; Robert Mdogo akawa waziri wa afya mwaka 2025. Joseph wa Tatu alishindwa katika kura za mchujo za Seneti huko Massachusetts mwaka 2020, jambo lililokuwa halijawahi kumpata Kennedy wa ukoo ule katika uchaguzi wa Kongresi jimboni humo.

Makaburi ya Arlington yana kituo chake cha treni, na hakuna kiingilio. Beba pasipoti, mlangoni hukaguliwa. Njia ya kupanda hadi kwa Kennedy ni ya robo saa. Wazee waende mapema kabla ya jua. Mawe yaliyotandazwa kuzunguka moto ni ya matale ya Cape Cod, na kando ya rais wamelala mkewe Jacqueline na watoto wao wawili, mmoja aliyezaliwa mfu na mmoja aliyekufa mchanga. Mtu mmoja wa makamo, askari wa zamani, aliniona nikijaribu kupiga picha huku mikono ikitetemeka kwa baridi. Akaichukua simu, akapiga, akanirudishia kwa heshima bila kusema neno.

Nilikaa zaidi kwa Robert. Hakuna moto wala jiwe refu, ni msalaba mweupe tu, na mbele yake maji yanayotiririka na ukuta uliochongwa maneno ya hotuba zake. Mojawapo aliitoa Chuo Kikuu cha Cape Town mwezi Juni 1966, katikati ya utawala wa ubaguzi, akisema kwamba kila anayesimamia haki hutuma kiwimbi kidogo cha matumaini, na viwimbi hivyo vikikutana hubomoa kuta za dhuluma. Miaka miwili baadaye, Juni 1968, aliuawa Los Angeles. Nilimkumbuka Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi mwaka uliofuata, akiwa na miaka 38.

Voi nilifika Jumapili jioni. Nilimpa kaka picha zote, zaidi ya mia mbili, azichague zitakazochapishwa na kutiwa fremu. Alizipitia ile ya moto wa Arlington, ile ya Ikulu, na zile saba za Hyannis Port. Alisimama kwenye moja ya Meridian Street niliyoipiga bila mpango, yenye lami iliyolowa, mabango ya Kihispania na ncha ya mwavuli wa kuazimwa. Aliuliza duka la yule mjane lilikuwa upande gani wa barabara. Nilimwambia sikuona kibao chochote chenye jina lake. Aliiweka ile picha kando, akaenda kutafuta kalamu, na nyuma yake akaandika kwa mkono wake: Bridget Murphy Kennedy.